Dawa ya Panya

Kazi yangu maabarani ilikuwa kuua panya. Niliwapa saratani ya ini kwa sindano, nikangoja uvimbe ukue, kisha nikawavunja shingo mmoja mmoja, nikibana kwa vidole na kuvuta mkia. Ini likiwa bado na joto nililikata vipande, tukatazama jeni zilivyopokezana amri ndani ya seli. Ini lenye afya huamriwa kukua, kisha huamriwa kukoma. Kwa panya wetu, amri ya kukoma haikufika. Dawa tuliyojaribu ilizima amri ya kukua, na kwa wengi uvimbe ulinywea. Wengine walivuja damu tumboni, wakafa wakiuma vyuma vya kizimba.

Wakati huohuo kaka yangu, aliyeuza misumari na mabati kwenye barabara ya River Road, alipatikana na saratani hiyohiyo. Nikamleta nyumbani kwangu, mtaa wa Woodley.

"Si uniletee hiyo dawa ya panya," aliniambia.

"Itakuua."

"Na hii inanifanya nini?"

Sikumletea. Alirusha sahani ya ugali ukutani, akaacha kunisemesha.

Asubuhi moja nilimkuta jikoni akikojoa kwenye sinki. Ini lilikuwa limeshindwa kusafisha damu, sumu imempanda kichwani. Nilimshika mkono. Akanigeukia kana kwamba mimi ni mwizi, akanikaba koo, akanigonga uso kwenye ukingo wa jiko, akarudia tena na tena. Nilisikia jino likivunjika. Alikuwa amekonda hata suruali haimkai, lakini zile nguvu za kubeba mabati zilikuwa zimerudi zote. Nilimuuma kidole mpaka mfupani ndipo akaachia. Jirani yangu, mama mnene wa makamo, alisikia kelele, akaingia akamwangusha na kumkalia mgongoni. Nikamfunga mikono kwa leso ya yule mama, damu yangu ikimdondokea shingoni.

Hospitalini walimpa dawa ya kumharisha ili sumu itoke, na kesho yake akili zikamrudia. Hakuishi sana baada ya hapo. Siku hiyo akili zilipomrudia aliutazama uso wangu uliovimba, kisha kidole chake chenye bendeji. Hakukumbuka chochote.

"Nani amekupiga?"

"Nilianguka bafuni."

"Usinidanganye. Ni yule mwanamume wako anayekuja nyumbani?" Akaanza kuinuka, akivuta mpira wa maji uliochomekwa mkononi. "Nipe viatu vyangu."

Ilibidi nimshike mabega nimlaze. Uso wangu niliuweka mbali na mikono yake.