Kamera ya Kathuri na Ulimi wa Ndama

IMETOKA! Wasee, picha ya Cucu Marcella imetoka! Uso unaonekana, kitambaa kinaonekana, hata ulimi wa ndama unaonekana!

Haya, sasa twende pole pole. Ni 1986, Runyenjes, mwezi wa saba, ile baridi yetu na wingu halitoki. Kathuri ndiye mpiga picha wa soko. Kamera yake ni ya filamu, chuma tupu, na juu iko na kichwa cha kutoa. Ndani ya hicho kichwa kuna mshale wa kupima mwangaza. Unazungusha gurudumu la spidi, mshale ukisimama katikati, unafinya. Rahisi, si ndio?

Lakini mwezi mzima mshale unasimama katikati vizuri kabisa, na watu wanatoka kama wamelala kwa gunia la makaa.

Cucu Marcella, yaani Nyanya Marcella, ni fundi wa cherehani, tena mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Amejishonea nguo ya picha ya mazishi yake. Haumwi popote! Anataka tu kujichagulia, juu ile ya marehemu mzee wake ilikatwa kutoka picha ya harusi, na mpaka leo kiwiko cha shemeji kiko hapo. Kathuri amempiga mara mbili. Mara mbili giza.

"Kathuri, ya tatu ikikataa, mimi na akina mama wangu arobaini tunaenda kwa yule mpiga picha wa Majimbo. Unataka watu waseme nilianza kuoza nikiwa studio?"

Akina mama arobaini! Hiyo ni kufunga duka. Kathuri akaamua ni mwangaza umepungua. Akaazima mabati sita mapya, akina mama wakayashika kumzunguka Cucu. Fundi wa nyumba akapita, akatoa nyundo, akauliza choo kinajengwa wapi. Kathuri bado hajatosheka. Akampaka Cucu mafuta ya kukamulia ng'ombe, uso mzima, mpaka akang'aa kama sufuria ya wageni. Ndama wa jirani akanusa hiyo harufu, akakata kamba, akaja kusimama kando ya Cucu.

"Na huyu ni mjukuu wa nani?" Cucu akauliza.

"Usicheke, Cucu, mafuta yatapasuka."

Kathuri alikuwa hajaweka filamu, anajaribu tu. Akazungusha gurudumu, akafinya. Cha! Akazungusha tena. Cha!

"Simama hapo," Cucu akasema. "Cherehani yangu ikitembea inalia yake, ikikimbia inalia yake. Wewe umezungusha mwisho mpaka mwisho na inalia kitu kimoja. Kwani hilo gurudumu limeshika nini?"

Kathuri akaweka sekunde moja nzima, akafungua mgongo wa kamera, akachungulia. Cha! Sekunde gani hiyo? Akatoa kichwa. Woi! Chini yake, gurudumu la kamera yenyewe limekwama kwa elfu moja, yaani sekunde imegawanywa mara elfu, ile spidi ya mwisho, shata, kile kipazia cha ndani, inafunguka na kufunga kabla mwangaza haujapiga hodi. Kumbe alipotoa kichwa kupanguza vumbi mwezi uliopita, alikirudisha bila kushikana na gurudumu la chini. Juu mshale unacheza, chini hakuna habari.

Akakirudisha taratibu, akizungusha mpaka kikashika. Kach! Akaweka sekunde moja. Cha... zzzzzz... cha!

"Sasa hiyo imeshona," Cucu akasema.

Filamu ndani. Mshale katikati, spidi thelathini. Kathuri akafinya, na hapo hapo ndama akamlamba Cucu sikio! Cucu akacheka mpaka pengo la mwisho.

Picha ikatoka safi, ila ulimi wa ndama ni ukungu mtupu. Kathuri akaruka juu. Ukungu! Yaani shata imekaa wazi mpaka ulimi ukasogea, spidi imeshuka kweli! Akazunguka soko akionyesha watu ulimi.

Cucu akaiangalia sana. "Hakuna kiwiko," akasema. "Hii ndiyo ya jeneza."

Na ndiyo iliwekwa, miaka kumi na tisa baadaye. Watu walicheka mpaka padre.

Kama unajua mtu wa kamera ya filamu na picha zake ni giza, tafadhali mtumie hii.