Mgeni wa Miaka Ishirini

Wivu wa Atija hapa Palma tunaujua wote, wala mwenyewe haufichi. Mumewe, Amido, ana nyumba mbili katika uwanja mmoja: ya Atija, mke mkubwa, na ya Yasmin, aliyeolewa juzijuzi. Alipoleta intaneti, roteadori, kile kifaa cha kuigawa, ikatundikwa kwa nani? Kwa Yasmin. Ikachomekwa disco, kile kikasha cha kuhifadhia video, ili kila mke atazame kwa simu yake. Humo mna arusi ya Sumaia, binti wa Atija, iliyofanyika Mtwara. Atija alikuwa anaumwa, hakwenda. Alikwenda Yasmin, akakaa pale alipostahili kukaa mama mzazi.

Basi kwa Yasmin arusi inaimba kutwa, vigelegele vinavuka uwanja. Kwa Atija intaneti inafika, disco halionekani. Atija akaingia kwa Yasmin, akazima roteadori, akawasha. Akachomoa waya wa disco, akaupuliza, akaurudisha. Wapi! Akaapa kwamba mwenziwe kalifunga makusudi. Nilipomwambia mimi jirani yake apunguze dhana mbaya, akanijibu kwamba sina mke mwenza, ninyamaze.

Akamwita fundi Milton. Milton akalikagua disco, ni zima. Akaomba simu ya Atija, aone imeungwa kwenye mtandao gani.

"Mama Sumaia, uko kwenye rede ya Visitantes."

"Ndio nani hao?"

"Wageni. Rede ya wageni inatoa intaneti tu. Disco ni la wenye nyumba."

Aliyeiunga simu ile ni Amido. Uso wa Atija ukabadilika.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi nalima hapa miaka ishirini, Milton. Bado mgeni?"

Milton akabadilisha rede. Disco likafunguka, na Atija akamwona bintiye kavikwa dhahabu, Yasmin kakaa ubavuni. Akalia kwa hasira.

Baada ya magharibi Amido akaja, maana zamu ilikuwa ya Atija. Akakuta mkeka barazani, maji ya kunawa, wali na samaki.

"Karibu, mgeni wetu."

"Atija, una nini? Milton kaniambia. Nilibonyeza jina lililokuja mbele, basi. Sikusoma!"

"Kula, mgeni."

Mimi namsadiki Amido, hana subira ya kusoma kitu. Lakini Atija alikwishaingia ndani, akatia komeo. Amido akabisha, akabembeleza, akachoka. Alipogeuka kuvuka uwanja, Yasmin alikuwa keshafungua mlango.