Nzohe Niliyemgundua Kisiwani

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani Kirushya. Enzi zile za kazi kwenye kambi ya wakimbizi Benaco, wenzangu walinivuta likizo, tukazunguka visiwa vya Ziwa Viktoria kwa mashua ya tanga. Sharti: asiyeona mnyama wa porini ataosha masufuria safari nzima.

Wenzangu wote wakaona mnyama, nikabaki mimi tu. Ndipo kwenye kilima cha kisiwa kimoja nikaona alama za kwato. "Nzohe, swala wa majini!" Nikawaongoza wote kupanda, kifua mbele, nikafunua kichaka kwa mbwembwe.

Mbuzi wetu wa kitoweo, aliyekata kamba jana yake tulipotia nanga hapo, akanitazama.

"Kaka, si umechunga mbuzi tangu utoto?" aliuliza nesi Konsolata.

"Jana alikuwa wetu," nikajibu. "Leo anaishi porini."

Walicheka mpaka wakaketi chini. Sufuria sikugusa.