Lamborghini la Baba Janeth

Sefania wa Mlalo alikuwa fundi mzuri wa mageti. Hilo lisemwe mapema, kwa haki, kwa sababu yatakayofuata hayatamsaidia. Ukitaka dirisha la chuma lililonyooka au geti lisilopiga kelele likifunguliwa, ulimfuata Sefania na ulirudi nyumbani umeridhika. Shida yake ni kwamba kazi hiyo aliiona ndogo kuliko kichwa chake. Alitaka kuitwa injinia. Kwa kuwa hakuna aliyemwita hivyo, alianza kujiita mwenyewe, kwanza kwa utani, baadaye bila kucheka.

Ugonjwa wa gari ulimpata kwenye simu. Kijana mmoja wa nchi za watu alichukua gari kuukuu, akalichuna kama mtu anayechuna mbuzi, akalivika bodi jipya la kujitengenezea, na mwisho wa video likatoka Lamborghini. La njano, bapa, milango inafunguka kwenda juu. Sefania aliitazama video ile mpaka bando likaisha, akanunua bando jingine akaitazama tena. Alipoinua macho, yakatua uani kwenye Noah ya mkewe.

Ya mkewe, ndiyo. Klara alipewa na baba yake kipande cha mikaratusi kule juu, miti ikakomaa, akaiuza, akanunua Noah ya zamani, ile ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Aling'oa viti vya nyuma, akawa anapakia kabichi na karoti, zake na za wanawake wenzake wa mtaa ule, na kuziteremsha mpaka Mombo. Aliendesha mwenyewe, kanga kiunoni. Kadi tu ndiyo iliyoandikwa jina la mume, maana siku ya kwenda kuandikisha Mama Janeth alikuwa shambani na Baba Janeth alikuwa na nafasi. Baba Janeth siku zote alikuwa na nafasi.

"Mama Janeth, hujui umekalia nini," Sefania alimwambia jioni ile wakila bada, ugali wa muhogo. "Lamborghini nalo injini yake iko katikati. Magari haya mawili ni ndugu."

"Ndugu wa upande gani?"

"Wa kitaalamu."

"Basi waache ndugu hao waishi mbalimbali. Keshokutwa nina mzigo."

Mwezi ule Klara alikwenda Gare kumuuguza dada yake. Aliporudi alikuta Noah imebaki sakafu, magurudumu na usukani uliosimama peke yake katikati ya uwanja. Paa lilikuwa limeshapata kazi ya kufunika banda la kuku. Klara aliweka mzigo wake chini akatazama. Mumewe akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Kadi ina jina langu," alisema.

Ndivyo kazi ilivyoanza, na ikala miaka. Sefania alichomelea mabomba ya mraba, akayafunika kwa mabati, akapaka pati ya kuziba mabonde, akasugua, akapaka tena. Taa alitoa kwenye pikipiki mbili zilizokufa. Rangi ya njano aliyoipata ilikuwa ile ya kupakia mistari kwenye madawati, lakini kwa mbali ilipendeza, hasa ukungu ukiwa mzito. Milango ilifunguka kwenda juu kweli, ila haikubaki juu bila kuegemezwa kijiti, kama mtego wa njiwa. Fahali wa kwenye nembo ya Lamborghini alimchora kwa mkono wake. Watu walimpongeza kwa kuwakumbuka ng'ombe wa maziwa wa Kwai, wakauliza huyu ana mimba ya miezi mingapi.

Kosa kubwa lilikuwa lile la undugu. Injini ilikuwa chini ya kiti, haikutaka kuhama, na Lamborghini lazima liwe bapa. Sefania akashusha paa, akaacha kiti palepale juu ya injini. Matokeo yake dereva alilazimika kujilaza kama mgonjwa wa mgongo, kidevu kifuani, makalio yakiungua. Sefania alipoulizwa alisema Lushoto ni baridi, na magari ya maana yote duniani yana viti vyenye joto.

Siku alipoliwasha, liliwaka. Lazima tumpe haki yake, liliwaka na kunguruma, na watoto walipiga makofi. Likatoka uani, likafika barabarani, likafika kwenye mtaro wa kwanza wa maji ya mvua, likaingiza pua mtaroni na kukataa kutoka. Wanaume wanne walilibeba kulirudisha, mmoja akimwambia Sefania, "Mgoshi, gari lako ni zuri sana kubeba." Tangu siku hiyo likakaa uani. Video yake iliyorekodiwa na vijana ilitembea kuliko lenyewe, ikafika Lushoto, ikafika Tanga. Watu wasiomjua walimwandikia kwamba yeye ni hazina ya taifa, na Sefania aliyasoma maneno hayo kwa sauti wakati wa chakula.

Klara hakuwa na hamu ya hazina. Alikuwa anasimama kando ya barabara na magunia yake, kwenye manyunyu, akiomba nafasi kwenye malori ya watu. Yeye alipakiwa mwisho, na siku nyingine hakupakiwa kabisa. Kabichi ziliozea mikononi mwake. Wale wanawake wenzake walimwonea huruma msimu mmoja, kisha wakatafuta usafiri mwingine, na hawezi mtu kuwalaumu.

"Nirudishie gari langu," alimwambia Sefania. "Liwe na sura yoyote unayotaka, mradi libebe kabichi."

"Kabichi!" Sefania aliumia kweli. "Mama Janeth, hili limeumbwa kwa kasi."

Basi ikakaribia Jumapili ya mavuno. Asiyesali Mlalo aelezwe: siku hiyo kila mtu huleta kanisani tunda la kazi ya mikono yake, ndizi, mayai, mbuzi, kilichopo. Vinaombewa, na baada ya ibada vinapigwa mnada pale nje. Mzee Rubeni, mzee wa kanisa mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, alipita nyumba kwa nyumba kukumbusha. Alimkuta Sefania amekaa juu ya tofali akilifuta gari vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Mavuno mwaka huu unaleta nini?"

"Mimi silimi, mzee. Tunda la mikono yangu si ndiyo hili hapa? Nikikosa kuku, nitamtolea Mungu hili." Akacheka sana, akitazama kama wapita njia wamesikia.

Mzee Rubeni hakucheka. Alimgeukia Klara, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni. "Umesikia, mama?"

"Nimesikia," alisema Klara.

Jumapili ilipofika Sefania aliondoka asubuhi mapema na joho lake la kwaya, maana alikuwa anaimba besi. Klara alisema atakuja baadaye. Katikati ya mahubiri kulisikika nje kelele za vijana wanaosukuma kitu kwenye mteremko, na breki zikilia. Sefania alizijua breki zile. Alitaka kutoka, lakini besi hatoki katikati ya mahubiri. Wakati wa kuombea mazao mchungaji alinyoosha mikono juu ya ndizi na mbuzi, akaongeza, "pamoja na kile kilichoko nje, ambacho hakikupita mlangoni." Wakasema amina. Sefania naye alisema amina, kwa mazoea, na hapo gari likawa limekwisha kuwa mali ya Bwana.

Alipotoka alilikuta limeegeshwa kati ya fungu la miwa na mbuzi aliyefungwa kamba. Mtu alikuwa ameweka kuku wake ndani ili wasilowe kwa manyunyu. Damu ilimpanda. Kisha akaona umati ulivyolizunguka, simu juu, na moyo wake ukageuka: labda hii ndiyo siku yenyewe. Watu waliocheka sasa watashindana kwa fedha zao, na kila mmoja ajue thamani ya Sefania. Akajipanga mbele, mikono nyuma, kama mgeni rasmi.

"Wapendwa!" Mzee Rubeni alianza. "Mali hii ni mpya. Haijawahi kupata ajali, kwa sababu haijawahi kufika popote."

Mwalimu mkuu alitaja bei ya heshima, na hakuna aliyeongeza. Alilipa, akasema kwa sauti, "Namzawadia mchungaji wetu!" Watu wakashangilia. Mchungaji alilitazama gari, akatazama njia ya mawe ya kupandia nyumbani kwake. "Nimelipokea kwa moyo mkunjufu," alisema, "na mimi namrudishia Bwana. Liuzwe tena." Ndiyo desturi, na Bwana hupata mara mbili. Kina mama wa umoja wakalinunua, kwa bei pungufu, wakaizawadia kwaya. Kwaya ikanong'onezana, ikalirudisha. Akina baba wakalinunua wakawapa vijana, na vijana walilirudisha hata kabla pesa haijafika kwenye sahani.

Sefania alikuwa amesimama palepale. Kila liliponunuliwa kifua chake kilijaa, na kila liliporudishwa alihisi watu wanamrudisha yeye. Juma, mchuuzi wa mboga, Mwislamu asiyekosa mnada wa Walutheri hata mmoja, alinyoosha mkono. Sefania akamtazama kwa shukrani.

"Mzee, hao kuku waliomo ndani wanauzwa pamoja?"

"Kuku ni wa mwenyewe."

"Basi endelea."

Bei ilishuka chini ya ile ya jogoo aliyeuzwa mwanzo. Vicheko navyo vilikwisha. Sefania akawa mdogo kama kidonge cha piritoni. "Hakuna?" Mzee Rubeni aliuliza. "Hata wa kumwonea huruma fundi?"

Klara akainua mkono.

Alifungua fundo la kanga, akalipa, tena akaongeza kidogo juu ya kilichotakiwa. Sefania alishindwa kuzuia machozi. Mke wangu, alijisemea, mke wangu ameniokoa mbele za watu.

"Unamzawadia nani, mama?" aliuliza Mzee Rubeni.

"Simzawadii mtu. Ni langu." Klara aliwageukia watu. "Lilitolewa kwa Bwana, nimelinunua kwa Bwana, na nyote mmeona. Mchungaji, umeona?"

"Nimeona," alisema mchungaji, na ilielekea kwamba ndiyo kwanza naye anaelewa.

"Baba Janeth, kadi iko wapi?"

Sefania angesema nini? Kwamba jina ni lake? Bwana mwenyewe alikuwa amekwisha kupokea na kuuza. "Iko nyumbani," alisema.

"Vizuri. Keshokutwa tunashuka Lushoto kuibadilisha." Klara akalizunguka gari, akagonga bati kwa kidole, pati ikabanduka. "Sasa nataka fundi. Anitolee manjano yote haya, mpaka kwenye sakafu, anisimikie bodi la kubeba kabichi. Nani anaweza?"

Watu wote walimtazama Sefania. Fundi mwingine wa kuchomelea pale hakuwepo.

"Mimi naweza," alisema.

Klara alimtazama kama mteja anavyomtazama mtu asiyemjua. "Umewahi kutengeneza gari likafanya kazi?"

Sefania aliangalia chini, kwenye lile fungu la miwa. Angeweza kutaja video. Angeweza kutaja watu wa Tanga.

"Sijawahi," alisema.

"Basi kesho nitakuwepo pembeni yako kuanzia asubuhi," alisema Klara. "Na msumeno nitaushika mimi."