Galaksi Kwenye Kidole Gumba cha Papa Ilunga

Jamani, hili sikupenda kulisema, na hata sasa masikio yananiwaka moto, lakini afadhali mlisikie kwangu, maana pale Likasi kila mtu analisimulia na kuongeza chumvi yake.

Mimi nafundisha fizikia. Jumamosi ile Padri alikuwa ameniomba nizungumze na wazazi kwenye ukumbi wa parokia juu ya galaksi za mbali kabisa, na mstari wa mbele angekaa Papa Ilunga, baba yake Mireille mchumba wangu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi ya kutenga mawe ya madini kwa rangi zake, na ambaye wiki iliyofuata angepokea wajumbe wetu wa posa. Yaani siku ile nilitaka anione nina akili.

Nilichapisha picha kubwa iliyopigwa na darubini ya angani. Dada wa fotokopi akasema ngoja kwanza wino ukauke, lakini mimi (haraka zangu hizi!) nikaiegemeza nje ukutani, juani, kando ya barabara ya malori ya madini. Lori moja likapita. Nikapuliza vumbi, nikaiviringa picha, nikaenda zangu.

Mwanzoni nilitiririka vizuri. Nikaeleza kwamba mwanga wa galaksi ya mbali huvutika njiani mpaka unakuwa mwekundu, hata kupita wekundu ambao macho yetu yanauona, ndiyo maana wataalamu huipiga picha anga ile ile kupitia vichujio vya rangi mbalimbali, na kadoa kanakoonekana kwenye vichujio vyekundu kisha kakakosekana kabisa kwenye vya bluu, hako ndiko wanakashuku kuwa kako mbali mno. Watu wakaitikia kwa vichwa (na changu kikavimba). Ndipo mama mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa ya mbali kupita zote ni gani?"

Sikujua. Ningesema tu sijui, yangeisha pale pale. Lakini Papa Ilunga alikuwa ananitazama, na pembeni mwa picha nikaona kadoa kekundu kazuri, nikaweka fimbo. "Ni hii! Mwanga wake ulianza safari dunia yetu haijakuwepo!"

Papa Ilunga akasimama, kofia mkononi. "Mwalimu, na vumbi je? Kintu ya karibu, kama iko na vumbi, haiwezi kuonekana nyekundu vilevile?"

Na mimi, badala ya kufikiri, nikataka kuchekesha watu: "Papa, huko haiko kwenye mugodi ya Kamatanda! Kule juu malori haipiti, vumbi itatoka wapi?"

Ukumbi ukacheka. Mireille akaangalia sakafu. (Kumfanya baba mkwe kichekesho mbele za watu, kwetu sisi! Hata mlevi hathubutu.)

Mzee hakukaa. Alikuja polepole, akavaa miwani, akalamba kidole gumba, akapangusa. Galaksi ikatoka yote. Akaniinulia kidole, chekundu kabisa.

"Mwalimu, iko hapa."

Sasa walicheka mpaka Padri akaficha uso kwenye kitambaa. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Aibu kubwa zaidi ilinikuta nyumbani, niliposoma kwamba kweli galaksi za karibu zenye vumbi jingi huonekana nyekundu na kuwadanganya hata mabingwa, hivyo kabla ya kutangaza huutawanya mwanga katika rangi zake na kuupima upya. Mzee alikuwa ameuliza swali la wataalamu.

Kesho yake baada ya misa nikaenda kuomba msamaha. Mireille alileta kiti bila kunisalimu. Nikaongea sana juu ya kile kicheko, nikajilaumu, mzee akasikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Kicheko haiko kintu, mutoto yangu," akasema. "Lakini minye nilikuwa nauliza kweli. Nilitaka kujua."

Basi nikamweleza habari ya vumbi, karibu saa nzima, na tangu hapo nimeapa: nisipojua nasema sijui, na swali la mtu silifanyii mzaha tena. Posa ilipokelewa, Mireille ni mke wangu, na mzee ananikaribisha vizuri kila Jumapili. Ila mpaka leo hajaniuliza swali lingine.