Ulaya Niliyoipigia Picha Albert Park

Mnara wa Paris niliubandika nyuma ya watu wengi mpaka nikaukinai. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mwaka 2011, katika studio ndogo ya picha chini ya ghorofa moja la Albert Park, mjini Durban. Mteja anasimama mbele ya kitambaa cha kijani, namwambia atazame juu kidogo kama mtu anayeshangaa, halafu namkata kwenye kompyuta na kumweka Ulaya. Wengi walikuwa Wakongo wenzangu na Warundi, wasusi wa nywele na walinzi wa magari wa Overport. Picha zilikwenda nyumbani kutundikwa sebuleni. Lilikuwa pambo tu, na waliopelekewa walilijua hivyo.

Za kwangu hazikuwa pambo. Zilikuwa uongo mtupu. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia huko Bukavu, aliuza shamba moja kati ya mawili aliyokuwa nayo ili mimi, binti yake mkubwa, niende kusoma Ubelgiji. Mtu aliyeahidi kunipatia viza alitokomea, nikaishia Durban, na badala ya kusema nimekwama nikamwandikia barua pepe kwamba nimefika. Kupiga simu sikuthubutu. Nilimwambia simu za Ulaya ni ghali mno. Nilikusudia kusema kweli baada ya mwezi mmoja. Ikapita miaka miwili.

Picha ya kwanza niliyomtumia ilikuwa ya mnara huo huo. Akajibu kutoka kwenye kibanda cha intaneti jirani na parokia: "Huu nimeufundisha miaka thelathini. Nionyeshe ambacho hakimo kitabuni." Ndivyo alivyo baba yangu. Ukimpa embe, atauliza kwanza mbegu yake imetoka wapi.

Basi wateja wakipungua nikawa naingia mtandaoni kutafuta. Nilianza kwa shingo upande, lakini siku moja nikakutana na wavuvi wa pwani ya Ubelgiji, wamevaa makoti ya njano, wamepanda farasi. Farasi wenyewe wanene kama makabati, wameingia baharini mpaka kifuani, wanakokota nyavu za uduvi. Niliacha chai yangu ikapoa. Kwa nini farasi? Nani alikuwa wa kwanza kumwambia farasi aingie majini avue? Sikulala vizuri mpaka nilipojua kwamba zamani hata punda walifanya kazi hiyo.

Baada ya hapo sikushikika. Nikaupata mji mwingine wa Ubelgiji ambako kila mwaka wanamwoza jitu la kutengenezwa, mtu mmoja akiwa ndani yake anacheza nalo barabarani. Nikaupata Matera, Italia, ambako watu waliishi mapangoni pamoja na punda wao mpaka siku za wazazi wetu. Kote huko nilijibandika. Nilikuwa na koti zito la kuazima, na joto la Januari ya Durban halina huruma, kwa hiyo picha ya theluji ilitoka uso unang'aa. Baba akauliza, "Mbona unatoka jasho kwenye barafu?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nakimbilia treni. Tangu siku hiyo nikawa najipaka poda.

Kanisa la Ucheki ndilo lililoniponza. Humo ndani taa kubwa ya dari imeundwa kwa mifupa ya watu, kila aina ya mfupa. Nilikuwa bado najipunguza kivuli nitoshee chini ya mafuvu wakati Patroni, mama wa Lubumbashi mwenye studio, aliposimama nyuma yangu.

"Weye! Ile ni mifupa ya batu?"

"Ni kanisa, Mama. Iko kule Ulaya."

"Kanisa gani iyo? Utoe iyo kitu mu mashini yangu! Bakliya batasema tuko balozi hapa!" Kwetu balozi ni wachawi, na bakliya ni wateja.

Mteja mmoja, mchungaji aliyekuja kuchukua picha za pasipoti, akaiwekea mikono kompyuta na kuiombea. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Picha nikaituma vilevile, na Baba akaandika ukurasa mzima wa maswali. Harufu yake ikoje humo ndani? Mifupa ni baridi ukiigusa? Niliyasoma yale maswali na kicheko kikaisha. Mambo yale yale ndiyo niliyotaka kuyajua mimi, na hakuna mtandao uliosema.

Kisha ikaja barua fupi. Alikuwa amepata mnunuzi wa shamba lililobaki. Mdogo wangu wa kike amemaliza sekondari, atafuata njia yangu, na mimi nitampokea uwanja wa ndege. Kusaini ni Jumatatu. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Shamba lile ndilo lililowalisha. Na mdogo wangu angekabidhiwa kwa mtu mwingine wa kutokomea, kwa sababu ya picha nilizozipaka rangi kwa mkono wangu. Nilimwomba Patroni anipige picha moja mlangoni pa studio, bila kitambaa wala koti, mtaa wetu wote nyuma yangu, kamba za nguo zikining'inia kwenye roshani. Hakuniuliza kitu. Nikaandika chini yake: "Papa, hapa ndipo nilipo. Ni Durban. Ulaya sijafika hata siku moja. Usiuze." Nikaweka namba yangu ya simu, nikatuma kabla mkono haujabadili nia.

Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia neno hata moja la mahubiri. Jumatatu saa nne hivi Baba akanibipu. Nilikimbia kununua salio, nikampigia nikiwa nimesimama kando ya barabara, na sauti yake, ambayo sikuwa nimeisikia miaka miwili, ilikuwa imezeeka.

"Shamba siuzishe," akasema. "Mudogo wako anabaki hapa."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza, si kwa ukali.

"Binti yangu, ngoja. Ile mafoto yote, nilionyeshaka batu ba parokia. Kila siku ya Mungu, kisha misa, banakuja kuniuliza: mwalimu, leo iko nini ya mupya? Sasa uniambie ukweli, juu nitasimama mbele yabo. Zile fasi zote za mu mafoto, ziko kweli?"

"Ziko, Papa," nikasema. "Zote ziko. Ni miye tu njo sikukuwako."