Chumvi ya Don Eudoro

Eudoro Calero anatengeneza viti vya kubembea, kama nusu ya wanaume wa mji wetu wa Masatepe, na vyake havilii hata ukivikalia hadi uzeeni. Lakini mtaani kwetu hakuna anayemwita Eudoro. Wanamwita Chumvi. Kwetu mtu mwenye nuksi tunasema ametiwa chumvi, na yeye alitiwa mwaka ule timu yetu ya besiboli ilipocheza fainali na Jinotepe, ikabaki kumtoa mpigaji mmoja tu tuwe mabingwa.

Hapo ndipo alipofungua mdomo. "Hili tumeshachukua," akasema, dukani kwangu, mbele ya redio.

Neno hilo halisemwi kabla mtu wa mwisho hajatolewa. Hata mtoto wa chekechea anajua. Likikuponyoka, unagonga mbao upesi, yanaisha. Eudoro aligonga. Ila wiki ileile mume wangu Filemón alikuwa amenunua viti vya plastiki mjini Managua, vyeupe, vya kutambia watu, katika mji wa maseremala. Eudoro akagonga plastiki. Mpira uliofuata ukavuka ukuta wa uwanja, na kombe likapanda gari kwenda Jinotepe.

Tangu siku hiyo ni ugomvi mmoja. Filemón anauliza, "Nani alisema?" Eudoro anajibu, "Nani alileta plastiki?" Na jibu hilo halikumsaidia. Binti akiolewa, kiti cha harusi kinaagizwa mtaa wa pili, maana nani anataka chumvi nyumbani kwa bibi harusi. Mkewe alizikwa akiitwa mke wa Chumvi.

Mwaka huu tumefika fainali tena, na tena ni Jinotepe. Eudoro akaanza kulinganisha. Kila jioni anakuja kununua sabuni moja, anaegemea kaunta kama ameikodi.

"Mwaka ule tulianza msimu kwa kufungwa mfululizo. Mwaka huu pia. Mwaka ule mrushaji wetu alitumia mkono wa kushoto, na alikuwa na masharubu. Huyu wa sasa je?"

"Huyu hana masharubu," nikamwambia.

"Anafuga."

"Chukua sabuni yako, don Eudoro."

"Mwaka ule nusu fainali ilinyeshewa."

"Hapa kila kitu kinanyeshewa. Hata ng'ombe."

Hakucheka. Akasema polepole kwamba tukifungwa tena, anahamia kwa dada yake aliyeko mji wa Estelí, tutafute mwingine wa kumtupia. Nikadhani ni maneno tu. Kesho yake nikapita karakana yake nikamkuta anafunga randa na patasi kwenye magunia.

Jumapili ya fainali alikuja amebeba kiti chake cha mbao kichwani. Filemón akajaa mlangoni.

"Umekuja na chumvi yako?"

"Nimekuja na mbao yangu."

"Kaa nayo nje, jirani. Humu ndani leo mwaka ule hautajwi."

Nilidhani atageuka aende. Lakini alitua kiti barabarani, nje ya dirisha la nondo ninalouzia, akakaa. Filemón akahamishia redio nyuma kabisa, kwenye magunia ya maharagwe. Kwa kelele za mtaa ule, Eudoro hakusikia hata neno. Mechi nzima aliisoma kwenye nyuso zetu.

Tukafika awamu ya tisa, ya mwisho. Tunaongoza kwa moja, wawili wao wametolewa, amebaki mmoja. Mkimbiaji wao yuko besi ya pili, anachungulia. Duka zima hakuna anayetafuna; nakatamali zetu za unga wa mahindi zimepoa ndani ya majani yake. Mpigaji akikosa mara tatu ametoka. Akakosa ya kwanza. Akakosa ya pili.

Filemón akasimama. Mume wangu, yule yule aliyemsakama mwenzake miaka yote hiyo, akanyoosha mikono na kusema, "Hili tumeshachukua."

Kisha akasikia alichosema.

Akainama kugonga kiti: plastiki. Kaunta: kioo. Rafu: chuma. Mlango: bati. "Mbao iko wapi? Nyumba hii mbao iko wapi?"

"Uliiuza yote ulete plastiki," nikamwambia.

Nyuso zote zikageukia dirishani. Eudoro akaziona.

"Amesema?" akaniuliza.

"Amesema."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, wala haikwenda kwenye kiti. Nikaelewa. Asipogonga, na mpira ukivuka ukuta, Chumvi kuanzia leo ni Filemón, na yeye anarudi kuwa Eudoro. Mtangazaji akasema mrushaji anapangusa jasho, anaangalia besi ya pili.

"Filemón," akasema Eudoro. "Nani alileta plastiki?"

"Si wakati wake huu, jirani."

"Nani?"

"Mimi."

"Sijasikia, nimewekwa nje."

"Mimi, baba. Mimi nilileta. Gonga."

Akagonga kwa ngumi, mara tatu, kiti kikatikisika. Mpira ukarushwa. Gongo likapita hewani, likakata upepo.

Kelele zake sitazieleza. Filemón alilia kwenye maharagwe.

Wiki iliyofuata, mechi ya kirafiki, Eudoro akaja na kiti chake, akaelekea mlangoni moja kwa moja. Mtaa mzima ukamzuia.

"Unakwenda wapi?"

"Ndani. Jina langu nimerudishiwa."

"Jina chukua," Filemón akamwambia. "Kiti kinabaki palepale. Mwaka ule ulikaa ndani, tukafungwa. Mwaka huu umekaa nje, tumeshinda. Linganisha mwenyewe, si kazi yako?"

Eudoro akakirudisha kiti chake nje ya dirisha. Fainali ile hakuisikia, na za mbele hatazisikia. Ametoa randa kwenye magunia na sasa anajenga kibanda cha mvua dirishani kwangu. Ni mbao tupu. Hata msumari hataki.